Kati ya Nyayo na Maji

Habari ilinifikia siku ya tatu ya juma, kwa mudomo wa motari anayeshusha makaa hapa kwetu Bigo, mutaa wa Bunia. Alisimamisha pikipiki mbele ya mulango, hakuzima injini, akasema: "Mama Christella, Gustave anasema uje siku ya posho. Atakuzungusha Kiziba."

Nikamuuliza: "Alisema akiwa amekasirika, ao akiwa anacheka?"

"Alisema akiwa anakula, mama."

Hiyo haikunisaidia kitu.

Gustave ni mudogo wa marehemu bwana yangu, Henri. Kiziba ni ziwa dogo upande wa njia ya Nyankunde, nusu yake maji, nusu yake mafunjo na matope, na shamba aliyoacha Henri inalizunguka lote kama mukanda. Tangu tumuzike Henri imepita miaka ine, na katika miaka hiyo Gustave hakunitumia hata salamu ya Noeli. Tulipokimbia vita tulikimbia pamoja. Utulivu uliporudi, yeye alirudi kule wa kwanza, mimi nikabaki Bunia na binti yangu katika chumba kimoja cha kulipia, nikilima sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye udongo wa watu. Sasa mutu asiyekuita miaka ine, akikuita wiki ile mvua imeanza, haukimbie kufunga mizigo. Unakaa kwanza, unafikiri.

Nilikaa. Nilifikiri. Nilisali rozari mbili. Kisha Jumamosi, siku ya posho, nikaenda, kwa sababu kutokwenda ilikuwa kumuachia yote.

Nieleze desturi yenyewe, maana hata hapa Bunia kuna watu hawaijui. Kwa familia ya Henri, mwanaume akifa bila kuacha mutoto mwanaume, mujane anapewa shamba kwa miguu yake. Anaizunguka muchana, miguu mitupu, mbele ya ndugu wa marehemu na shahidi mumoja muzee. Kila kilicho kati ya nyayo zake na maji ni chake. Kilicho juu ya nyayo zake kinabaki kwa familia. Ndugu wa marehemu anaonyesha njia za ukingoni, na nje ya hizo haipitiwi, lakini mujane ndiye anachagua pa kukanyaga. Haruhusiwi kubebwa, na haruhusiwi kurudi nyuma. Akibebwa ao akirudi, yote imekwisha, shamba nzima ni ya familia. Na familia, siku hizi, ni Gustave peke yake.

Ndiyo maana wiki ya mvua ilinitia mashaka. Wakati wa jua, kuzunguka Kiziba ni mwendo wa kusali rozari moja tu, kwa mutu mwenye magoti mazima. Wakati wa mvua maji yanapanda, matope yanafungua kinywa, mawe yanavaa utelezi. Na goti langu la kuume limevimba tangu mwaka wa juzi. Gustave anajua goti langu. Ni yeye alinipeleka kwa muganga wa kulinyosha, zamani, Henri akiwa bado muzima.

Niliwakuta wawili kwenye jiwe kubwa la mwanzo. Gustave alivaa bottes zake, viatu virefu vya mupira. Muzee Paluku, jirani wa shamba, ndiye shahidi. Alikuwa na panga na fungu la miti ya mupaka, ile unayokata leo ukaichomeka chini, kesho imeshika. Kila pahali ningebadili mwendo, yeye angechomeka muti mumoja nyuma yangu.

"Karibu, shemeji," Gustave akasema. "Umekonda. Bunia hawakupe kula?"

"Wananipa."

"Nilikutengenezea viazi. Kula kwanza, safari ni ngumu."

"Nimekula Bigo."

Alicheka kwa pua. "Muzee, umeona? Huyu, hata Yesu akimupa mukate, atauliza unga ulitoka kwa duka gani."

Muzee Paluku hakucheka wala hakukataa. Akaniambia: "Mama, unajua kanuni. Mimi shahidi, njiani sitasema. Ukiniuliza kitu hapa, uliza sasa."

"Sina swali, Muzee."

Nilikuwa nalo, lakini lilikuwa juu ya Gustave, na haliulizwi mbele yake.

Nikavua viatu, nikafanya ishara ya musalaba, tukaanza. Gustave mbele, mimi katikati, Muzee nyuma. Rozari niliifunga kwa mukono wa kushoto, fimbo nikaishika kwa wa kuume.

Pahali pa kwanza pa shida ni chini ya mutini mukubwa, pale ambapo ukingo umelika na maji. Kuna njia mbili. Ya chini, watu wamelaza magogo juu ya matope, karibu kabisa na maji. Ya juu, unapita kwenye mizizi ya muti, unatembea kwa ubavu, mwili ukilalia udongo, mukono ukitafuta pa kushika mbele ya muguu kuondoka.

Gustave alisimama. "Pita chini, shemeji. Magogo nimeyaangalia asubuhi. Ni njia ya watoto."

Nikayatazama magogo. Kweli yalikuwa mazima. Halafu nikatazama yale yaliyobaki kati ya magogo na maji: kijistari cha matope, hata bata hawezi kujenga juu yake. Nikatazama kati ya mizizi na magogo: udongo mweusi, mupana, wa kutoa mihogo miaka kumi.

"Nitapita juu," nikasema.

"Na goti?"

"Goti litapita nami."

Muzizi wa kwanza niliukanyaga kwa kisigino, wa pili kwa vidole. Katikati kuna pahali muzizi unakatika, inabidi unyooshe muguu bila kuona unakotua. Hapo nilisema Salamu Maria polepole, neno moja kwa pumzi moja, mupaka muguu ukapata kitu kigumu. Nilipofika ngambo, nguo zangu zilikuwa nyeusi kwa udongo mupaka kifuani. Nyuma nikasikia panga la Muzee likipiga: muti wa kwanza, juu ya mizizi.

Gustave aliniangalia sana. "Umekuwa mujanja huko muji," akasema.

Nilijisemea moyoni: moja.

Tukaendelea. Hapo njia ni nzuri kidogo, majani ya kawaida, vyura wanaruka mbele ya miguu. Gustave alianza kuongea habari za Henri, jinsi walivyokuwa wanategea samaki hapo utotoni, jinsi Henri alivyotumbukia akatoka na ruba kwenye sikio. Habari ilikuwa ya kuchekesha. Sikucheka, maana mutu akikuchekesha njiani hauangalii unapokanyaga.

Pahali pa pili ni kamto kanakoingia ziwani. Wakati wa jua unakaruka. Siku ile kalikuwa kamefika kiunoni, maji ya rangi ya chai, na chini yake mawe yanayojizungusha. Gustave akaingia, akavuka, akarudi mupaka katikati, akanigeuzia mugongo na kuinama.

"Panda, shemeji."

Nilisimama kwenye ukingo. "Nipande wapi?"

"Mugongoni. Maji ni baridi, goti lako litalia wiki nzima. Hii si kutembea, hii ni kuvuka maji tu. Muzee ni mutu wa kwetu, anaelewa."

Nikageuka kumutazama Muzee Paluku. Alikuwa anaangalia miti yake ya mupaka, kama mutu anayetafuta iliyo nyoofu zaidi. Shahidi hasemi njiani.

"Gustave," nikasema, "kanuni inasema nini juu ya kubebwa?"

"Kanuni iliwekwa na watu waliokuwa na magoti."

"Toka kwenye maji, nipite."

Akasimama wima. Akapanda ukingo wa ngambo, maji yakimutoka kwenye bottes. "Aya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mutu aliyechoka, ao ya mutu aliyekosa. Sikuweza kupambanua.

Niliingia. Nilichomeka fimbo upande wa juu wa maji, nikaegemea, nikapeleka muguu muzima kwanza, halafu ule mubaya. Karibu na ukingo jiwe moja liligeuka chini yangu. Mukono wa Gustave ukanifikia, ukasimama karibu na kiwiko changu bila kunigusa. Nilijishika mwenyewe. Nilipotoka, meno yalikuwa yanagongana, na nikajisemea: mbili.

Kuanzia hapo sikuwa tena na mashaka, nilikuwa na hakika. Alinionyesha njia ya chini ili nipate kidogo. Alinipa mugongo ili nipoteze yote. Mutu aliyejaribu mara mbili atajaribu mara ya tatu, na ya tatu ndiyo ameitunza. Nilimaliza fumbo la tatu la uchungu la rozari nikiwa nimekodoa macho kwa kila kichaka.

Pahali pa tatu ni upande wa jua kuzama, pale ambapo jabali linashuka mupaka majini. Nilipokuwa mke wa nyumba ile sikuwahi kupanda pale, kulikuwa pori tupu, Henri mwenyewe alikuwa anasema ni pa manyani. Hapo pia njia ni mbili. Unaweza kupanda jabali, urefu wa watu wawili, jiwe lenye kuvu la kijani, na mizizi inayoning'inia ya kushika. Ao unaweza kupita chini yake, juu ya mafunjo yenyewe, ambayo hayajashika ardhi. Yanaelea. Unakanyaga, yanazama kidogo, maji yanakuja mupaka kwenye kifundo.

Gustave alisimama chini ya jabali. Kwa mara ya kwanza siku ile hakufanya mazaha.

"Hapa panda juu," akasema. "Shika mizizi, kanyaga pale nitakapokuonyesha. Juu kuko vizuri."

Nikatazama jabali. Maji yalikuwa yanatiririka juu yake. Nikatazama mizizi, na hapo nikaona: muzizi mukubwa wa katikati, ule ambao mutu yeyote angeushika, ulikuwa umekatwa na panga. Jeraha lilikuwa bado jeupe. La jana, ao la asubuhi ile.

Nikajiona nikiwa katikati ya jabali, goti linatetemeka, mukono unatafuta muzizi usiokuwepo. Ningeanguka, ao ningeshuka. Na kushuka ni kurudi nyuma.

"Kuko nini juu?" nikauliza.

"Panda utaona."

"Ninauliza kuko nini."

"Na mimi ninakuambia panda, Mama Christella. Kwa jina la Henri, panda."

Kuniomba kwa jina la marehemu ndiko kulinimaliza. Kwa nini aniombe kwa jina hilo sasa, ambaye hakulitaja kwenye matanga tulipokuwa tunagawana vyombo? Nikageuka upande wa mafunjo.

"Huko hakuna udongo," akasema haraka. "Ukipita huko, upande huu wote unapata maji tu."

"Nitapita, nitamaliza. Hiyo inanitosha."

"Shemeji."

"Niache na Mungu wangu."

Mafunjo yana namna yake. Bibi yangu alikuwa musukaji wa mikeka, alinifundisha. Haukanyagi katikati ya mashina, unakanyaga pale yanapotokea, kwenye kichwa cha muzizi. Haushiki shina moja, linakatika. Unakumbatia fungu zima. Na kubwa kuliko yote, hausimami. Ukisimama, uzito wako unapata muda wa kuzama. Kwa hiyo nilienda bila kusimama, nikikumbatia fungu na kuliacha, fungu na kuliacha, maji kwenye kifundo, maji kwenye goti. Mara moja muguu mubaya ulipita katikati ukazama mupaka pajani, na chini hakukuwa na chini. Nililala kifudifudi juu ya mafunjo kama mujusi, nikavuta, nikavuta, matope yakaniachia kwa sauti ya mutu anayebusu. Sijui nilisali nini. Nafikiri nilikuwa ninaita jina la binti yangu.

Nilipotoka ngambo nilikaa chini. Gustave alikuwa amepita juu ya jabali, alikuwa amefika mbele yangu, amesimama na mikono kiunoni. Muzee Paluku alikuja nyuma yangu juu ya mafunjo, polepole, mwepesi kama ndege, maana shahidi lazima afuate nyayo. Akachomeka muti mumoja kwenye ukingo wenyewe wa maji.

Kutoka hapo mupaka kwenye jiwe la mwanzo ni mwendo mufupi, wa tambarare. Nililigusa jiwe kwa kiganja. Muzee akaweka panga chini, ishara kwamba sasa anaweza kusema.

"Umezunguka," akasema. "Haukubebwa, haukurudi. Mimi nimeona."

Nikashukuru Mungu. Halafu Gustave akakaa juu ya jiwe, akavua bottes, akamwaga maji.

"Sasa umefanya nini, Mama Christella?" akasema. "Kule juu ya jabali kuko kahawa. Mistari sita. Mwaka huu ndiyo imezaa vizuri."

"Kahawa ya nani?"

"Kama ungepanda jabali, ingekuwa yako. Sasa ni ya familia."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema panda."

"Hukusema kahawa."

"Anayeonyesha njia anaonyesha njia. Hatangazi mali, ili mujane asichague kwa tamaa. Uliza Muzee."

"Ndiyo kanuni," Muzee akasema.

"Na muzizi?" nikauliza. "Nani alikata muzizi?"

"Miye. Ulikuwa umeziba pa kukanyaga. Nilikata muzizi, nikachonga ngazi nyuma yake, kwa sababu ya goti lako. Kama ungesogea hatua mbili ungeziona."

Upepo ulikuwa unatoka upande wa milima, na nyuma ya milima wingu lilikuwa limeanza kuwa jeusi.

"Sikia," Gustave akasema. "Muti wa mwisho haujapandwa. Kabla haujaingia ardhini unaweza kurudilia. Muzunguko mupya unafuta wa kwanza. Nenda tena, pita juu, pata kahawa yako. Miye nitakungoja."

Nikamugeukia Muzee Paluku. "Nikirudilia nikashindwa?"

"Wa kwanza umeshafutwa. Shamba inarudi kwa familia."

"Nzima?"

"Nzima."

Goti langu lilikuwa limekuwa kama boga. Nililitazama, nikatazama wingu, nikatazama uso wa Gustave. Nilimutazama muda murefu, kama unavyotazama muhogo kwa muchuuzi usiyemujua, ukitafuta pale pameoza. Uso ulikuwa uso tu. Macho ya Henri, pua ya Henri.

Ikiwa ni mwema, nikajisemea, anataka nipate kahawa. Ikiwa ni mubaya, anataka nizunguke nikiwa nimechoka, mvua ikinikuta kwenye kamto. Na mwema na mubaya wanasema neno moja: rudilia.

"Panda muti wa mwisho, Muzee," nikasema.

"Una hakika, mama?"

"Panda."

Panga likapiga mara tatu, muti wa mwisho ukaingia ardhini. Gustave alitikisa kichwa, akavaa bottes zake. "Njoo uone basi," akasema. "Sasa kuona hakukatazwi."

Alinipitisha kwa njia ya nje, nyuma ya jabali, ambako ni mulima mupole. Kahawa ilikuwepo. Mistari sita, kama alivyosema, imepaliliwa, kila muti umezungushiwa majani makavu chini, na matunda mekundu yameshikana kwenye matawi kama shanga. Na kwenye kichwa cha jabali niliona ngazi. Zilichongwa kwa jembe, fupi fupi, za mutu asiyeweza kuinua goti.

Nilikanyaga moja. Ilikuwa kipimo changu.

"Nilikuzania mubaya, shemeji," nikasema.

"Nilijua," akasema.

Akachuma matunda matatu, akatia mfukoni mwake, akaanza kushuka.

Hilo neno lake ndilo nililorudi nalo Bunia. Kama alijua ninamuzania mubaya, alijua pia kwamba kila atakachosema nitafanya kinyume. Mutu anayejua hivyo, akitaka upande juu, angekuambia pita chini. Na akitaka upite chini, angesema kweli, panda juu, kwa jina la Henri. Lakini nani anachonga ngazi za mutu ambaye hataki apande? Nimeligeuza jambo hilo kama nguo ya kufuliwa, upande huu na upande ule, na madoa yako pande zote mbili.

Christella alikuwa ananingoja kwenye mulango. "Mama, tumepata?"

"Tumepata. Pa nyumba, pa mihogo, pa maharagi."

"Na baba mudogo? Alikutendea vizuri?"

Nilikaa kwanza kwenye kiti. Akaniletea maji ya moto ya kukanda goti, akapiga magoti mbele yangu akingoja jibu.

"Alinionyesha njia," nikasema.

"Zote?"

"Zote."

Siku ya tano ya juma lililofuata nilienda kuungama. Padri aliposikia yote akauliza, "Kwa hiyo, mama, dhambi yako ni gani?" Nikamujibu kwamba ikiwa Gustave ni mwema, dhambi yangu ni kubwa, na ikiwa ni mubaya, sina dhambi, nina akili. Akanipa Baba Yetu kumi. Nilizisali zote, ila sikujua nilikuwa ninazisalia upande gani.

Mwezi ujao tunahamia Kiziba. Gustave ametuma neno kwa motari yule yule: atakuja na watu wawili kubeba mabati ya nyumba kutoka barabarani mupaka kwenye kiwanja. Nimejibu kwamba nimekubali, na aksanti. Siku hiyo atangulie yeye na mabati yake. Mimi nitatembea nyuma.